Embe halina kosa dada, angalia hilo jagi la juisi

Pole dada. Umesema ultrasaundi (ile picha ya tumbo) imeonyesha ini lina mafuta, pombe hugusi, na sasa unauliza kama uache maembe. Mi nakwambia embe moja kwa siku kula tu, shida ni hilo jagi la juisi la kila mchana na soda ya jioni.

Iko hivi, sukari ya mezani nusu ni glukosi nusu fruktosi, glukosi inatumika mwili mzima, ila fruktosi sehemu kubwa inaishia kwenye ini, sasa ikija nyingi kwa mkupuo ini linaigeuza mafuta, mengine yanabaki humohumo mengine yanaingia kwenye damu ndo hizo trigliseraidi (mafuta ya kwenye damu) ulizosema zimepanda, na asidi ya yuriki nayo inapanda (wenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, wanaijua vizuri hiyo).

Soda ya mililita 300 ina kama vijiko vya chai 8 vya sukari, wakati WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema ni vizuri usizidi kama 6 siku nzima. Na juisi ya nyumbani usijidanganye eti ni ya asili, maembe manne yamesagwa, yamechujwa, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, halafu mtu anaongeza sukari juu!! Ungekaa ukayatafuna yote manne? Asali nayo yaleyale.

Anza kuacha soda wiki hii, kunywa maji na ndimu. Ukirudi kwa daktari pima na sukari ya damu, na hizo dawa za mtaani za "kusafisha ini" achana nazo.