Kabla ya Kulipia Tathmini ya Vyeti, Uliza Ni Nani Atakayeisoma

Tathmini ya vyeti ni ripoti inayoeleza cheti chako cha nje kinalingana na kiwango gani katika nchi unayoelekea. Hasara kubwa hutokea mapema kabisa: mtu analipia ripoti, kisha ofisi aliyoilenga inaikataa. Kwa hiyo kwanza kiulize chuo, mwajiri au idara ya uhamiaji: mnapokea ripoti ya taasisi ipi, na ya aina gani?

Ripoti fupi hutaja cheti na kiwango kinacholingana nacho. Waajiri wengi hutosheka nayo. Ripoti ndefu huchambua somo moja moja, ikionyesha krediti na wastani wa alama; vyuo na bodi za taaluma mara nyingi hudai hiyo.

Kanada ndiko wengi wanakokwama. Kwa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuomba uhamiaji kwa wafanyakazi wenye ujuzi, inahitajika ripoti maalumu ya uhamiaji, ECA (Educational Credential Assessment), kutoka taasisi iliyoteuliwa na serikali, mfano WES, na isizidi miaka 5. Ripoti ya kuombea chuo haifai hapo, hata ikitoka taasisi ileile. Daktari anayeomba kwa taaluma yake hupitia Medical Council of Canada. Marekani hakuna ofisi ya serikali inayofanya kazi hii. Ofisi nyingi hutaka ripoti ya mwanachama wa NACES, muungano wa taasisi binafsi za tathmini. Kwa Ujerumani, tafuta kwanza chuo chako kwenye anabin, kanzidata ya mtandaoni ya vyuo na vyeti vya nje: alama ya H+ maana yake kinatambuliwa.

Sasa transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako, maana ndiyo inayochelewesha kuliko kitu kingine. Kwa kawaida chuo chenyewe ndicho huituma, kwa mtandao au katika bahasha iliyogongwa muhuri pale inapofungwa. Ukikabidhiwa bahasha hiyo, usiifungue kamwe. Hakikisha namba ya ombi lako imeandikwa. Bila namba, bahasha hufika na isijulikane ni ya nani. Fuatilia kwa msajili kila wiki, kwa upole lakini bila kuchoka.

Jina likitofautiana kati ya cheti na pasipoti, ambatisha hati ya ndoa au kiapo cha jina. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyeidhinishwa, neno kwa neno. Asibadilishe alama zako kuwa za mfumo wa nchi nyingine, wala asikutafutie shahada “inayolingana”, kwani hiyo ni kazi ya mtathmini.

Shahada ikishushwa kiwango, omba ipitiwe upya na upeleke mtaala wa kozi unaoonyesha saa za masomo. Na kama wewe ni muuguzi, mwalimu au mhandisi, wasiliana na bodi ya taaluma yako mapema, kwa sababu ripoti hii si leseni ya kazi.