Kwa mnaoanza kazi wodini na mitaani: sindano, faili na mdomo

Wadogo zangu mnaoripoti vituoni, wauguzi, wakunga, matabibu, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaokabidhiwa fulana na begi kabla hamjaujua mtaa wote: chuoni mlifundishwa mambo mawili kwa nyakati tofauti. Moja ni kujikinga na maambukizi. La pili ni maadili, na humo ndimo ilimowekwa siri ya mgonjwa. Mkayafanyia mitihani miwili. Kazini mambo hayo yanakwenda pamoja. Kituo kinachovujisha siri huwaumiza wagonjwa kwanza, kisha huwaumiza watumishi wake wenyewe, na hilo la pili halisemwi vya kutosha.

Nianze na sindano, maana ndiyo itakayowakuta mapema.

Ajali nyingi hazitokei unapomchoma mgonjwa. Wakati huo macho yako kwenye mkono wake na akili imetulia. Zinatokea baadaye, unapoona kazi imekwisha: unarudishia kifuniko, unatembea na sindano wazi hadi meza ya mwisho wa wodi, unashindilia kisanduku kilichokwisha kujaa. Au unaiacha sindano ya kanula, ule mrija wa dripu wa mshipani, juu ya shuka kwa sababu mtoto wa kitanda cha pili amepaliwa na mama yake anapiga kelele. Hiyo ya mwisho haitakuchoma wewe. Itamchoma dada wa usafi au kaka wa kufulia, atakapokunja shuka hilo bila kujua lilikuwa la nani. Mara nyingi ni kibarua, hajachanjwa homa ya ini, wala hajawahi kuambiwa kwamba naye akichomwa ana haki ya kupimwa na kupewa dawa. Mwambieni ninyi. Msisubiri semina.

Kwa hiyo kisanduku cha sindano kiende pamoja nawe kitandani. Kama hakipo pembeni, usifungue sindano. Kifuniko hakirudishiwi. Kisanduku kikifika robo tatu kinafungwa na kuletwa kingine, hata kama mwenye stoo ananung'unika.

Ukichomwa, acha ulichokuwa unafanya, mwombe mwenzako ashike nafasi. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilibinye, usilinyonye, usilimwagie jiki. Damu ikiruka jichoni, osha kwa maji safi mengi. Kisha toa taarifa papo hapo kwa kiongozi wa zamu. Dawa za kuzuia VVU baada ya ajali, PEP kama tunavyoziita, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri. Saa za mwanzo ndizo za thamani. Zinamezwa kila siku kwa siku 28. Uwezekano wa kupata VVU kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi ni takriban asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000 waliochomwa. Kwa homa ya ini B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, ni kati ya asilimia 6 na 30. Soma namba hizo mara mbili. Tunachokiogopa sana ndicho chenye uwezekano mdogo, na kile tusichokitaja kina chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza.

Sasa niambieni: dawa ipo, saa 72 ni siku tatu nzima, kwa nini bado watumishi wanachomwa na kukaa kimya?

Nilifanya kazi na muuguzi mmoja, hodari, mtu wa watu. Alichomwa zamu ya usiku na hakusema. Tulikuja kujua siku nyingi baadaye, muda wa dawa umeshapita. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole: "Dada, rejista ya PEP si inakaa mezani pale? Kila anayekuja kuchukua glovu anaisoma." Alikuwa sahihi. Daftari lilikuwa wazi, majina yameandikwa kwa kalamu nyekundu, na waliokwisha kuandikwa humo walishasemwa kwenye chumba cha chai. Alipima uzito wa kuambukizwa na uzito wa kusemwa, akaona kusemwa ni kuzito zaidi. Wala hakuwa mjinga. Kituo chenyewe ndicho kilichomfundisha hivyo.

Kama sisi tunaojua dawa, tunaojua namba, tunaficha ajali kwa kuogopa midomo ya wenzetu, mgonjwa mwenye VVU afanye nini? Anakwenda kuchukua dawa wilaya nyingine kwa nauli ya kuazima. Anabandua lebo kwenye kopo. Kina mama humimina vidonge kwenye kitambaa na kukifunga fundo, kwa sababu kopo likitikiswa ndani ya daladala linalia, na kuna abiria wanaoujua mlio ule. Siku akikosa nauli anaacha dawa, na virusi vilivyokuwa vimefubaa vinarudi. Hapo uvujaji wa siri umeshakuwa ugonjwa.

Wengi hudhani siri huvuja kwa umbea. Umbea upo, lakini nyingi huvuja kwa mazoea ya kazi ambayo hakuna anayeyaona kuwa ni kosa. Kuita kwa sauti koridoni, "Wa CTC wakae benchi hili!", na kila mtu anajua CTC ni kliniki ya VVU. Skrini ya kompyuta iliyogeuzwa kuelekea foleni. Nywila moja ya GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za wagonjwa, inayotumiwa na chumba kizima, kiasi kwamba mtu akichungulia majibu ya jirani yake haijulikani ni nani aliyechungulia. Mafaili yaliyolaliana kaunta huku ndugu ameegemea. Kufungua taarifa za mtu usiyemhudumia ni kosa hata usipomwambia yeyote. Toka kwenye mfumo unapoinuka, hata kama unakwenda kunawa tu.

Kukabidhiana zamu kuna mtego wake. Mnapita kitanda kwa kitanda, wagonjwa wamepangana shuka kwa shuka, na kila mwenye masikio anasikia. Yanayohusu dripu, kidonda na joto la mwili semeni kitandani. Yanayohusu VVU, mimba iliyoharibika, jaribio la kujiua au kipigo cha mume, yasemeni mkiwa mmerudi kwenye meza ya wauguzi, kwa sauti ya watu wawili.

Simu inahitaji aya yake. Picha ya kidonda unayotuma kwenye kundi la WhatsApp ukiomba ushauri inaweza kumwokoa mgonjwa, sitaki kuwadanganya kwamba haitumiki. Lakini mwombe mgonjwa ruhusa kwanza, ondoa sura, ondoa jina lililoandikwa pembeni ya eksirei, tuma kwa daktari mmoja unayehitaji ushauri wake, kisha ifute kwenye simu yako. Usidhani kutotaja jina kunatosha. Ukiandika "leo tumepokea mama wa mapacha watatu kutoka kijiji fulani", wilaya nzima imeshamjua. Na picha zenu za sare mpya, pigeni nje, chini ya mwembe, si wodini.

Watakaowabana zaidi ni ndugu. Hapa kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Analazwa na ukoo, na chakula anacholetewa kinatoka kwao. Mama mkwe atakuja. Utamwamkia, ataitikia, kisha atakuvuta pembeni: "Mwanangu, hebu niambie, huyu mkwe wangu anaumwa nini hasa? Mbona dawa zake mnampa kwa kificho?" Usimkaripie, ni mzazi na ana hofu. Mjibu: "Mama, leo amekula na homa imeshuka. Habari ya ugonjwa wake yeye mwenyewe ndiye wa kukueleza. Nikuletee kiti ukae naye?"

Jibu hilo litoe kwa kila mgonjwa, hata wa malaria. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi wanapokosea kwa nia njema. Wanataja malaria, wanataja kidole tumbo, wanataja presha, halafu wakifika kwa mwenye VVU wanasema "hiyo ni siri". Kukataa kwako kumeshasema kila kitu. Jibu hilohilo utampa mjumbe, mchungaji, shehe na mwajiri aliyekuja na matunda.

Ninyi wa mtaani mna kazi ngumu kuliko yetu, kwa sababu mwili wenu wenyewe ni tangazo. Ukionekana mlango fulani na begi lile, majirani wameshahesabu. Zitembelee kaya nyingi kwa shughuli za kawaida, uzito wa watoto, vyandarua, vyoo, ili ziara moja isionekane ya pekee. Kabla ya kwenda kwa mtu, elewana naye: nikufuate nyumbani au tukutane kituoni? Simu hii unaitumia peke yako? Nikipiga akapokea mumeo nisemeje? Na usiulize njia kwa kutaja shida ya mtu unayemtafuta. Nimeshuhudia mtu akiulizia "yule mama aliyeacha dawa" kwenye genge la mboga.

Sheria za Tanzania zinawalinda na zinawabana. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inataka majibu ya kipimo yabaki siri, na kuyatoa kinyume chake ni kosa la jinai. Marekebisho ya 2019 yaliruhusu kijana wa miaka 15 kuridhia kupima mwenyewe, kwa hiyo msimrudishe akamlete mama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa muuguzi na mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo linaweza kukuhoji kuhusu leseni yako.

Lakini siri ina mwisho wake, na lazima muujue. Mtoto akianza kukueleza na kukuomba, "Niahidi hutamwambia mtu", usiahidi. Mwambie: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na wewe utajua ni nani." Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Njia yako ni afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au simu ya mtoto namba 116. Andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Na hata hapo, kumwambia afisa ustawi si kibali cha kumwambia mhasibu.

Mengine nayapitia haraka. Kusafisha mikono kwa dawa ya kupakaa ni sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni ni 40 hadi 60. Glovu zinavuliwa kabla ya kushika kitasa, kalamu au simu. Mgonjwa mzito hanyanyuliwi na mtu mmoja: wawili, shuka chini yake, magoti yakunje, mgongo unyooke, wauguzi wengi wanastaafu na kiuno kibovu kwa sababu ya miaka ya kuona haya kuomba msaada. Mwenye kikohozi cha muda mrefu akae penye hewa, dirisha wazi, hata wakati wa baridi. Ndugu akija amelewa na hasira usiku, usibaki naye chumbani peke yako.

Mgonjwa ambaye sindano iliyokuchoma ilitumika kwake naye ana haki zake. Anaelezwa kilichotokea na anaombwa kupimwa. Hachukuliwi damu kwa siri ili wewe upate amani. Wengi wakielezwa vizuri hukubali. Asipopimika, wewe anza dawa, mengine yataamuliwa baadaye.

Wiki ya kwanza, kabla hujazoea, uliza haya. PEP inahifadhiwa wapi, na usiku ufunguo uko kwa nani? Rejista yake inafungiwa kwenye kabati gani? Chanjo ya homa ya ini B naipata lini, na watu wa usafi wamo kwenye orodha? Ukijibiwa kwamba ufunguo huwa unaondoka na mtu wa asubuhi, au kwamba rejista iko mezani, mwandikie mganga mfawidhi siku hiyohiyo. Baki na nakala, na baada ya wiki moja rudi uangalie kabati.