Mpangaji wa shughuli aanzie jikoni

Wiki hii mmeuliza mpangaji wa harusi na sherehe ajue nini ili asiwaudhi wageni wa dini na mila tofauti. Kazi hii ndiyo inayoniweka mjini hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba aanzie jikoni, kisha aangalie saa. Mapambo yaje mwisho.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Tukiambiwa bibi harusi ni Mmasai na bwana harusi ni wa Pemba, tunakimbilia shuka jekundu na mkeka wa ukili, tunavitundika nyuma ya meza kuu, na hapo tunajiona tumeshaziheshimu mila za watu. Sijaona mgeni aliyeondoka ukumbini kwa hasira kwa sababu ya kitambaa. Kwa sababu ya sufuria nimewaona.

Chukua ndafu. Kwa familia nyingi za Kichaga harusi haijakamilika bila mbuzi mzima wa kuchoma, anayeingizwa ukumbini kwa shangwe na majani mdomoni, maharusi wakamkata na kuwalisha wakwe. Sasa wakwe wakiwa Waislamu wa Tanga, la kuuliza kwanza ni nani alishika kisu. Mpishi atakujibu, "Usijali bosi, ni halali." Usiishie hapo. Muulize mbuzi alichinjiwa wapi, na jiko lake siku nyingine linapika nini. Mbuzi anaweza kuchinjwa kwa bismillahi, akaja kuchomwa kwenye wavu ule ule uliochoma kitimoto (nyama ya nguruwe) jana yake, na mgeni akijua hilo hataonja. Mafuta ya kukaangia ni hivyo hivyo. Halafu kuna upawa wa kupakulia, ambao wahudumu wana tabia ya kuutoa chombo hiki na kuutumbukiza kile foleni inapokuwa ndefu. Huo upawa usimamie wewe mwenyewe. Anayedhani haya ni maringo ya wageni akumbuke Buseresere, mkoani Geita, mwaka 2013, ambako ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchinja ulifika hadi mtu kuuawa.

Na usiseme "Wahindi hawali nyama" ukadhani umemaliza. Wako wanaokula. Wako Wajaini, waumini wa dini nyingine ya Kihindi, ambao kitunguu, kitunguu saumu na kiazi pia hawagusi, kwa hiyo ule mchuzi wa mboga unaojivunia hauwafai. Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, wao desturi yao ni kuzunguka sinia moja kubwa na kuanza kwa kuonja chumvi. Ukumbi wa meza za duara na sahani moja moja haukupangwa kwa ajili yao.

Tuje kwenye saa. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na Pasaka nayo haitulii, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana haikusaidii. Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, mwezi Februari. Sherehe ya familia mchanganyiko iliyopangwa mwanzoni mwa Machi iliwakuta wageni wa pande zote mbili kwenye mfungo. Wasabato, na ukiwa na wateja wa Upare au Mara utakutana nao sana, hawataki shughuli ya kidunia tangu jua la Ijumaa kuzama hadi la Jumamosi. Hiyo inahusu pia mafundi wako wanaogonga vyuma vya jukwaa Jumamosi mchana nje ya nyumba ya mteja. Swala ya magharibi ni jambo dogo la kupanga: dakika chache kwenye ratiba, maji ya kutawadhia, chumba safi chenye mikeka. Kadi zetu zinasema saa kumi na mbili jioni na ukumbi unajaa saa mbili, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba muda huo haupo.

Linalosahaulika kuliko yote ni nani anahudumu. Nimeshuhudia shughuli ya wanawake ya kupaka hina, Tanga, kila kitu kimenyooka: maua, udi, taarabu ya kutosha. Kinamama wamevua mabaibui, wamebaki na magauni yao ya shughuli, nywele nje. Mlango ukafunguliwa, wakaingia vijana wa kiume wenye sinia za sambusa, na mpiga picha wa kiume nyuma yao. Mabaibui yalirudi mwilini kwa pamoja, na usiku ule hayakuvuliwa tena. Kampuni ile ilikuwa na wahudumu wa kike; walipelekwa shughuli nyingine siku hiyo kwa sababu hakuna aliyeuliza.

MC naye mpe mipaka. Utani wa makabila ni mzuri pale wenye utani wao wapo: Mpare na Mchaga wakichokozana, ukumbi mzima unacheka kwa sababu kila mmoja ana haki ya kurudisha. Mkwe aliyetoka Kampala au Muscat hana mtani mle ndani. Yeye anasikia matusi kwenye spika, tena kwa lugha asiyoifuata vizuri.

Haya yote utayajuaje? Usiwaulize maharusi, wao wanawaza nguo. Kamati nayo ni marafiki na wafanyakazi wenzao, kazi yao michango. Mtafute mshenga. Huyo ameshakaa kwenye majamvi ya nyumba zote mbili, anajua walichoahidiana, walichokaribia kuvunjikia, na mjomba gani anasusa akicheleweshewa salamu. Baada yake, mashangazi wa pande zote, kila mmoja kwa wakati wake, maana ukiwaweka pamoja watakuambia wamekubaliana.

Jiko la pili, la wageni wenye masharti ya chakula, na vyombo vyake vinaongeza gharama, na kikao cha kamati kitataka kuvifuta kabla ya kugusa bajeti ya maua. Viandike tangu kikao cha kwanza, mstari wake wenyewe, si ndani ya "mengineyo". Wakibisha, waombe tu wahesabu kadi zilizokwenda upande wa pili.