Maswali ya Wasomaji: Mwalimu na Slaidi Zake Ndani ya Video Moja

Assalaam alaykum. Nimejirekodi kwa simu nikisomesha mbele ya projekta, dakika 40. Uso wangu umekuwa mweusi na maandishi ya ukutani hayasomeki, ni mwanga mtupu. Kuna dawa, au nirudie somo lote?
*Mwalimu wa sekondari, Wete*

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kama sauti yako inasikika vizuri, usirudie. Simu ilipima mwanga wa ukuta uliowashwa na projekta, ikaipunguza picha nzima, na uso ukazama gizani. Kanzu nyeupe huleta tatizo hilohilo. Siku nyengine bonyeza usoni mwako kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, ndipo urekodi.

Maandishi yaliyoungua kwa mwanga hayarudishwi na programu yoyote. Lakini huyahitaji, kwa sababu slaidi zenyewe unazo kwenye kompyuta. Zitoe kama picha za PNG. JPEG huacha ukungu pembeni mwa herufi, kwa hiyo iache. Hapa ndipo wengi wanapokwama: PowerPoint, kwa slaidi pana za kawaida, hutoa picha za pikseli 1280 kwa 720. Ukizitia kwenye video ya 1920 kwa 1080 zinavutwa, na herufi ndogo zinafifia. Tengeneza nakala ya faili, kisha badilisha ukubwa wa slaidi uwe sentimita 50.8 kwa 28.575, picha zitatoka 1920 kwa 1080 kamili. Zipitie zote kabla ya kuzitoa, maana mabadiliko hayo huweza kusogeza visanduku vya maandishi. Anayetengeneza slaidi kwa LibreOffice, programu nyengine ya ofisi, ana kazi nyepesi zaidi, kwani yenyewe humuuliza vipimo wakati wa kutoa picha.

Jambo jengine: kama nukta za slaidi yako hujitokeza moja baada ya moja, picha itazionesha zote kwa mpigo na wanafunzi watasoma jibu kabla hujauliza swali. Nakili slaidi hiyo mara tatu au nne, na kila nakala iongeze nukta moja.

Sasa kuhariri. Anza na sauti, si picha. Weka video yako kwenye taimlaini (mstari wa muda ndani ya programu ya kuhariri), ondoa vikohozi na vimya virefu, na usiguse slaidi mpaka maneno yametulia. Ukipanga slaidi mwanzo, kila utakapokata sekunde mbili za sauti utalazimika kuzisogeza upya.

Slaidi zikae treki (safu) ya chini, na wewe treki ya juu yake. Kwa fremu ya 1920 kwa 1080 tunapendekeza vipimo hivi: slaidi uipunguze hadi asilimia 70, itakuwa 1344 kwa 756, ikae kushoto. Wewe uwe kulia ndani ya kisanduku cha 480 kwa 756. Ukiacha pikseli 32 ukingoni kushoto, 32 katikati na 32 kulia, hesabu inatimia 1920. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve hupima kutoka katikati ya fremu, kwa hiyo slaidi iandikie -256 kwa mlalo na kisanduku chako 688. Video yako nayo ipunguze kwa asilimia 70, ukiwa umeshaikata pembeni mpaka upana wa pikseli 686 hivi ubaki. Kata upande wenye ukuta wa projekta, slaidi isionekane mara mbili. Ukisogea kutoka katikati kwa sababu hiyo, rekebisha namba ya mlalo mpaka uso urudi ndani ya kisanduku. Giza la uso liongezee mwanga kidogo. Chengachenga zitakazojitokeza hazitaonekana sana kwenye kisanduku kidogo.

Mpangilio huo usiutumie somo zima. Mchoro wa moyo au jadweli ijaze kioo chote, wewe usikike tu. Unapotoa mfano au kuuliza swali, jaza kioo kwa uso wako, slaidi iondoke. Slaidi iingie fremu 8 hadi 10 kabla ya neno linaloitaja (fremu hapa ni picha moja kati ya 25 au 30 zinazopita kila sekunde). Ikichelewa, mwanafunzi anatafuta kitu ambacho bado hakipo na maneno yanampita. Na kwa kuwa wengi watatazama kwenye simu, maandishi chini ya pointi 28 yaongeze, kwani kwenye asilimia 70 yanabaki kama pointi 20.

Mwanzo midomo na sauti vinakwenda pamoja, lakini kufika dakika ya 15 sauti imeshatangulia. Picha nilirekodi kwa simu, sauti kwa rekoda.
*Mhariri wa video, Mji Mkongwe*

Simu nyingi hazirekodi fremu sawa kila sekunde. Zikipata moto au mwanga ukipungua, idadi hubadilika. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, kabla ya kuhariri na uchague kiwango cha fremu kisichobadilika, 25 au 30. Programu ya kuhariri ya Shotcut yenyewe hukushauri kuigeuza faili ya aina hiyo.

Ikibaki tofauti ndogo, ni saa za vyombo viwili ambazo hazilingani sawasawa. Piga kofi mwanzoni na jengine mwishoni mwa kila rekodi ili uweze kuipima. Usivute sauti. Ikate penye kituo cha maneno na uisogeze fremu moja au mbili wakati slaidi imejaza kioo, midomo haionekani.

Aya za Kiarabu kwenye slaidi zangu ziko sawa, ila kwa mhariri herufi zinaachana.
*Ustadhi wa madrasa, Chake Chake*

Ustadhi, kompyuta yake haina fonti yako, hivyo imeweka nyengine. Usimpe faili ya slaidi. Mpe picha ulizozitoa mwenyewe kwenye kompyuta yako, na umkataze kuandika aya upya ndani ya programu ya video, maana baadhi ya programu hizo hutenganisha herufi au kuzipanga kinyume. Linganisha kila picha na msahafu kabla ya kuipeleka.

Video ya dakika 40 imekuwa GB 2.5. Nitawapelekeaje wanafunzi kwa WhatsApp?
*Mwalimu wa sayansi, Mkoani*

Slaidi hazitikisiki, kwa hiyo hazihitaji data nyingi. Toa video kwa 720p (pikseli 1280 kwa 720), kilobiti 1,500 kwa sekunde, na sauti kilobiti 128. Hiyo ni MB 12 hivi kwa dakika, somo zima karibu MB 490. Ligawe vipande vya dakika nane, ukikata pale slaidi inapobadilika, kila kimoja kitakuwa chini kidogo ya MB 100. Kitume kama hati, si kama video, la sivyo WhatsApp itakibana tena na herufi ndizo zitakazoumia.