Kabla ya Kumpa Jina Nzi Kimelea

Watafiti vijana wanaoniletea nzi wanayedhani kuwa hajawahi kuelezwa huanza kuniuliza wampe jina gani. Mimi huwauliza kwanza nzi huyo ametoka ndani ya mdudu gani, na ni nani aliyemwona akitoka.

Nzi vimelea hukua wakiwa mabuu ndani ya mdudu mwingine, ambaye kwa kawaida hufa, lakini wengi wao hunaswa mitegoni wakiwa wamekwisha kukomaa, hivyo mwenyeji wao, yaani mdudu waliyekulia ndani yake, hubaki kukisiwa. Mwaka 2012 Brian Brown wa Los Angeles alimweleza Euryplatea nanaknihali wa Thailand, nzi mwenye urefu wa milimita 0.4 tu; kwamba hushambulia sisimizi ni jambo lililokisiwa kutokana na jamaa yake wa Guinea ya Ikweta. Kukisia si kosa, mradi makala iseme wazi kuwa ni makisio.

Ukiweza, mfuge mwenyeji. Viwavi wa mahindi mimi huwaweka kila mmoja katika kikopo chake na jani bichi, hadi buu litoke na kuwa bundo (hatua kati ya buu na nzi kamili) la kahawia lenye umbo la pipa dogo. (Pengine atatoka nyigu mdogo badala ya nzi, kwa kuwa nzi naye ana vimelea vyake.) Nzi akitoka usimuue papo hapo, mwache saa kadhaa mabawa yanyooke na mwili ukauke, la sivyo uso utabonyea na rangi haitaaminika. Kisha mchome pini, na ganda la bundo pamoja na kichwa cha kiwavi uvihifadhi kwa namba ileile.

Usitegemee ukubwa wala idadi ya vinyweleo peke yake. Mabuu kadhaa yakigawana kiwavi mmoja, nzi hutoka wadogo wenye vinyweleo pungufu, na nimeona katika droo za makumbusho ndugu wa tumbo moja wakiwa na lebo za spishi mbili. Tegemeo ni viungo vya uzazi vya dume: kata ncha ya tumbo, ilainishe katika mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi, ichore chini ya hadubini, kisha uitie katika kichupa chenye gliserini na kukichoma kwenye pini ya nzi huyohuyo.

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, jina la spishi lililotolewa baada ya mwaka 1999 halikubaliki pasipo holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina hilo (au sintaipu, vielelezo kadhaa vinavyolibeba kwa pamoja), iliyotajwa bayana pamoja na mahali itakapohifadhiwa, na makala ya mtandaoni pekee lazima isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama. Vibali vya utafiti vishughulikie kabla ya kutega mtego wa kwanza.

Mguu wa kupimia DNA uuchukue kwa parataipu (kielelezo kingine cha spishi hiyo kilichotajwa katika makala, kisicho holotaipu) kama unaye, na daima uwe wa upande wa kulia, ili atakayemchunguza nzi huyo baadaye aikute miguu yote ya kushoto.