Je, Inafaa Kumfunga Kizazi Mbwa wa Ulinzi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina mbwa jike anayelinda banda la mbuzi shambani kwangu, Muheza. Kila akizaa, vijana wa shamba huwatupa watoto jaani wangali hai. Daktari wa mifugo amenishauri nimfunge kizazi. Je, huko si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Na kama inafaa, nimfanyie lini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, ndugu yangu. Kumfuga hakuna tatizo. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda wameruhusiwa katika hadithi sahihi.

Kuhusu kuhasi, yaani kumwondolea mnyama uwezo wa kuzaa, sitakuficha: sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, vitabu vyetu ni vikali. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim, ametaja kuwa mnyama asiyeliwa hahasiwi. Na ile aya ya 119 ya Suratun Nisaa unayoihofia, inayotaja kubadilisha maumbile ya Allah, wapo wema waliotangulia walioifasiri kwa kuhasi, na wapo waliosema makusudio yake ni kubadilisha dini ya Allah. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wanaruhusu pakiwepo manufaa au madhara ya kuondoa, na katika suala lako mimi nashika kauli yao. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi ana hali gani anayemtupa jaani mtoto wa mbwa ambaye hata macho hayajafunguka, afe kwa jua na siafu? Hiyo ndiyo dhambi ya kuihofu kwanza, nawe ndiye mwenye shamba. Wakataze vijana leo, kabla hata hujampigia daktari.

Wakati wake: wa kwako ameshazaa, kwa hiyo umri si hoja. Kama ana watoto, subiri kwanza waache kunyonya. Akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, usimpeleke, maana mishipa ya kizazi hujaa damu. Subiri miezi miwili au mitatu. Mbwa mchanga huachwa hadi miezi sita hivi, na wa mbegu kubwa zaidi ya hapo, mifupa ikomae.

Sharti langu ni nusukaputi na daktari aliyesomea. Mtu wa wembe na kamba, hapana. Hayo ni mateso, na mateso ni haramu bila khilafu, yaani bila tofauti ya wanavyuoni. Kidonda kiangalie kwa siku kumi hivi, asikilambe. Ukikisafisha vaa glavu, na ukiguswa na mate au damu yake, osha mara saba, moja kwa udongo, ndipo uswali.

Wallahu a'lam.