Kondoo na mionzi ya malishoni: maswali yenu

Swali: Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka Aprili 1986. Mbona kondoo wa Wales walibaki chini ya vizuizi mpaka 2012?

Ni udongo. Mvua iliyonyesha siku chache baada ya ajali iliishusha sesiamu-137, elementi yenye mionzi, kwenye milima ya Wales, Cumbria na Scotland. Udongo wa mfinyanzi huing'ang'ania sesiamu. Mboji ya milimani haina mfinyanzi wa kutosha, na potasiamu yake ni haba, basi mizizi huifyonza. Kondoo anakula, anakunya palepale, mzunguko unaanza upya. Nusumaisha ya sesiamu-137, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 30. Usitegemee ramani ya mvua pekee: pima udongo, majani na mnyama mwenyewe.

Swali: Kondoo anapimwaje bila kuchinjwa?

Kwa kigunduzi cha miali ya gama chenye fuwele ya iodidi ya sodiamu. Chagua mahali mbali na kundi, upime kwanza mionzi ya hapo. Kisha mbane kondoo asitikisike, gandamiza kigunduzi kwenye paja la nyuma penye nyama nene, soma, na utoe ile hesabu ya kwanza. Wanaoharibu kazi ni wanaopimia katikati ya zizi, maana miali ya kondoo wa jirani huingia kwenye hesabu. Tope kwenye manyoya nalo hudanganya.

Uingereza ilikataza nyama yenye zaidi ya bekereli (kipimo cha mionzi) 1,000 kwa kilo, lakini kondoo hai alizuiwa akivuka 645, kwa kuwa kipimo cha nje ya ngozi kina makosa yake. Aliyevuka alipakwa rangi asichinjwe. Pengo hilo lilimlinda mlaji, na kupima akiwa hai kulimwokolea mfugaji kundi lake. Tunalithamini sana.

Swali: Nikimhamishia malisho safi?

Inafaa sana. Sesiamu hukaa kwenye misuli, na mwili huitoa kwa mkojo na mavi. Hupungua nusu katika muda wa siku 10 hadi wiki 3. Mwenye 4,000 anahitaji kupunguza nusu mara mbili ili afike 1,000, kwa hiyo mpangie wiki 6 kisha mpime tena. Norway wamejifunza jambo jingine: uyoga hukusanya sesiamu nyingi na kondoo huupenda, hivyo mwaka wa uyoga mwingi vipimo hupanda ghafla.

Swali: Vile vidonge vya buluu ni nini?

Ni buluu ya Prussia, rangi ya kemikali inayoinasa sesiamu tumboni itoke na mavi. Kidonge cha Norway kina buluu asilimia 15, nta 10 na madini ya bariti 75, yanayokipa uzito kisitapikwe. Kondoo humezeshwa viwili au vitatu, vikafanya kazi wiki 6 hadi 8. Ukimpa mapema mno, dawa huisha kabla ya siku ya kuchinja. Jiwe la chumvi lenye buluu ni rahisi zaidi, ila huwezi kujua nani amelamba.

Swali: Na strontiamu-90, elementi nyingine yenye mionzi?

Hiyo huingia mifupani na kwenye maziwa. Buluu haiinasi, na kigunduzi cha gama hakiioni. Peleka sampuli maabara.